Sonona Bunia: Mazungumzo au Mtaji?

Swali la tano linahusu chakula. Mhudumu wa afya anasoma kwenye karatasi: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu ya kula, au na kula kupita kiasi? Mama aliyekimbia eneo la Djugu akafikia Kigonze, kambi ya wakimbizi wa ndani iliyopo Bunia, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, anaweza kulijibu kwa ukweli mtupu na bado jibu lake lisikusaidie kitu. Hamu anayo, chakula ndicho hakipo. Swali la tatu ni la usingizi, na mahali ambapo risasi zilisikika juzi, anayelala fofofo ndiye wa kushangaza. Swali la nne ni la uchovu. Aliyebeba maji na kuni tangu alfajiri atasema amechoka, naye atakuwa amechoka kweli.

Fomu hiyo yenye maswali tisa inajulikana duniani kwa jina la PHQ-9. Kila jibu lina alama: sifuri kwa asiyesumbuliwa kabisa, 3 kwa anayesumbuliwa karibu kila siku, na jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 hushukiwa kuwa na sonona ya kuangaliwa kwa makini. Neno "hushukiwa" lina kazi hapo, kwa sababu fomu haitoi hukumu. Maswali mawili ya kwanza ndiyo mhimili: je, mambo yaliyokuwa yanakufurahisha bado yanakufurahisha, na je, umekuwa na moyo mzito, usio na matumaini? Aliyefiwa hulia, hukaa matanga, na siku zikipita hucheka tena mjukuu akifanya mzaha. Mwenye sonona, ambayo Bunia wengi huitaja kwa jina lake la Kifaransa au husema tu kwamba fulani ana mawazo mengi, hana pa kushika hata katika siku nzuri. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima, na ikamzuia kulima, kuuza, kusoma au kulea, hapo ni ugonjwa, na una tiba.

Tiba gani, basi? Swali hilo limezaa utafiti mwingi katika ukanda huu kuliko wasomaji wengi wanavyodhani, na sehemu ya msingi wake iliwekwa hapahapa Bunia.

Tukumbushane kidogo historia. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, vilivyowapambanisha hasa Wahema na Walendu huku majeshi na wanasiasa wa nje wakivichochea, vilifikia kilele mjini Bunia Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka. Juni mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulituma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, operesheni Artemis, kuudhibiti mji. Miaka michache baadaye, risasi zilipopungua, wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakiwemo Cindy Mels na Ilse Derluyn. Kabla ya kupima watu walirekebisha kwanza vipimo vyenyewe. Walichukua dodoso mbili zilizotungwa ng'ambo, moja ya dalili za kiwewe na nyingine ya sonona na wasiwasi, wakazijadili na wenyeji, wakaziweka katika Kiswahili cha Kongo na Kifaransa kinachosemwa huku, kisha wakachunguza kama zinapima kweli kile zinachodai kupima. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2010. Ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi, lakini bila hiyo takwimu zote zinazofuata zingekuwa kelele.

Vijana 1,046 wa miaka 13 hadi 21, katika shule 13 za sekondari za Ituri, walijibu maswali hayo. Karibu 95% walikuwa wamepitia angalau tukio moja la kutisha, na kwa wastani kila mmoja alikuwa na matukio zaidi ya manne. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za kiwango kinachoashiria kiwewe. Hawa, tusisahau, ni waliobahatika kuwa shuleni. Aliyekuwa mgodini Mongbwalu, au aliyebaki nyumbani kwa kukosa karo, hakuulizwa.

Takwimu kama hizo hukatisha tamaa, na kwa kweli zikiachwa zenyewe hazifundishi sana. Kila mtu Bunia anajua kwamba watu wameona mabaya. Kilichonivutia mimi ni hatua iliyofuata. Watafiti haohao waliwatazama vijana 819 kwa makundi: walio ukimbizini, waliorudi makwao, na ambao hawakuwahi kuhama. Walio ukimbizini walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini tofauti hiyo haikutokana hasa na kule kuhama kwenyewe. Ilielezwa na mambo mawili yanayoandamana nako: ukatili walioupitia, na adha za kila siku. Kukosa chakula cha kutosha, kukosa nguo, ada ya shule, mahali pa kulala. Vita vilikuwa vimepita; adha zilikuwa za leo asubuhi.

Mwaka 2014 An Verelst, wa chuo hichohicho, alichapisha na wenzake matokeo ya wasichana 1,305 wa shule za Bunia, wenye umri wa miaka 11 hadi 23. Karibu wanne katika kila kumi walisimulia ukatili wa kingono. Dodoso lilikuwa na ujanja wake: liliuliza kuhusu kubakwa, na mahali pengine likauliza kuhusu ngono ambayo msichana hakuiridhia, kwa sababu wako wanaokataa jina lile la kwanza lakini wanakiri la pili. Wasichana waliopitia ukatili walikuwa na dalili nyingi zaidi, jambo ambalo halimshangazi mtu. Lakini sehemu ya uzito huo ilipitia kwa majirani. Waliosemwa, waliotengwa, walionyoshewa vidole njiani kwenda shule, ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, na adha za kila siku zikaongeza mzigo wake juu ya huo. Kwa hiyo mkosaji hakuwa mwenye bunduki peke yake. Mtaa nao ulikuwa na mkono wake.

Hapo ndipo watafiti wa tiba wanapogawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha mpaka leo. Wa upande mmoja wanasema: tibu akili, mtu akisimama atapambana na adha zake mwenyewe. Wa upande wa pili wanasema: ondoa adha, akili itajitengeneza. Kila upande una majaribio ya kuonyesha, na mengi yamefanyika ndani ya safari ya basi kutoka hapa.

Tuanze na wa mazungumzo. Huko Kivu ya Kusini, Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, wakishirikiana na shirika la IRC, walichukua vijiji na kuvigawa kwa bahati nasibu. Katika vijiji 7, wanawake 157 waliokuwa wamepitia ukatili wa kingono, au kuushuhudia, na waliokuwa na dalili nzito, walipewa tiba ya mazungumzo: kikao kimoja cha faragha na 11 vya kikundi. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida: mhudumu yupo, wamwendee wanapotaka, awasikilize, awapeleke hospitali ikibidi. Katika vijiji vyote wahudumu walikuwa wale ambao mashariki mwa Kongo tumezoea kuwaita APS, yaani watu wa kisaikolojia na kijamii, wenye elimu ya sekondari. Hakuna aliyekuwa daktari wa akili.

Tiba yenyewe ilibuniwa na Patricia Resick huko Marekani kwa ajili ya wanawake waliobakwa, na shabaha yake ni fikra iliyokwama. Mathalani mwanamke amebeba kwa miaka imani hii: ningepiga kelele, yasingenipata. Mhudumu hamwambii kwamba amekosea, wala hampi pole na kuishia hapo. Anamwuliza. Walikuwa wangapi? Walikuwa na nini mikononi? Aliyepiga kelele kijiji cha jirani alifanywa nini? Kidogo kidogo mwanamke analinganisha alichokiamini na kilichotokea, na lawama inahama kutoka kwake kwenda kwa aliyetenda. Kule Marekani mgonjwa huandika haya kwenye karatasi za mazoezi. Kivu, ambako washiriki wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yakae kichwani.

Miezi sita baada ya vikao kwisha, waliobaki na dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi katika vijiji vya tiba walikuwa 9%. Katika vijiji vya msaada wa kawaida, 42%. Jaribio lilichapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma, na likawa ushahidi unaonukuliwa kila mahali kwamba tiba ya hali ya juu inaweza kutolewa na mtu asiye na shahada ya udaktari, katika eneo ambalo bado lina vurugu.

Ina doa, na ni haki kulitaja. Vijiji vilikuwa vichache, na vile vya msaada wa kawaida vilianza na hali mbaya zaidi. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kufutwa na doa hilo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kulikuwa na haja ya kundi la pili. Kwa nini wasitibiwe wote, wapimwe kabla na baada? Jibu liko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako mwaka 2002 Paul Bolton na timu yake walijaribu tiba nyingine ya vikundi katika vijiji 30. Vikao 16, kila wiki dakika 90, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Tiba hii haigusi fikra sana. Inatafuta jambo la mahusiano ambalo sonona ilianza nalo, kama vile kifo cha mpendwa, ugomvi wa ndani ya nyumba, badiliko la ghafla la maisha au upweke, na kikundi kinamsaidia mwenye nalo kutafuta la kufanya. Mwisho wa vikao, wenye sonona katika vijiji vya tiba walikuwa wameshuka kutoka 86% hadi 6.5%. Tazama sasa vijiji ambavyo havikupata kitu: kutoka 94% walishuka hadi 54.7%, bila tiba yoyote. Sonona huja kwa mawimbi, na mtu huandikishwa kwenye utafiti wimbi likiwa juu, kwa hiyo wengine wangepata nafuu hata bila wewe. Mchungaji aliyewaombea, mganga aliyewachanja na shirika lililowapa semina wote wangejipongeza kwa watu hao. Kundi la kulinganisha ndilo linalotunyima pongezi za bure.

Karibu zaidi na sisi, huko Beni, timu ya Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast ilijaribu vikao 15 vya kikundi kwa wavulana 50 walioguswa na vita, baadhi yao waliowahi kubeba silaha, na kwa wasichana 52 waliotumiwa kingono. Matokeo yote mawili, ya 2013, yalikuwa mazuri: dalili za kiwewe na za sonona zilishuka sana kuliko kwa waliokuwa wanasubiri zamu. Ni majaribio madogo. Yanaonyesha njia, hayatoshi kujenga huduma ya mkoa mzima.

Sasa wa mtaji. Kama adha za kila siku ndizo zinazolisha sonona, basi mpe mtu njia ya kuondokana nazo. Timu ileile ya Bass ilijaribu hilo Kivu ya Kusini kwa njia ambayo kila mama wa Bunia anaijua: AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye sanduku na funguo zake. Wanawake waliopitia ukatili wa kingono waliingizwa katika vikundi vya kawaida vya kijiji, pamoja na wengine, bila kutajwa wao ni nani. Baada ya muda walikuwa wanakula vizuri kuliko wenzao waliosubiri, na kutengwa kulikuwa kumepungua. Hilo si haba. Kumbuka uzito wa kutengwa katika matokeo ya Bunia. Lakini dalili za sonona hazikushuka zaidi ya zile za waliosubiri. Sanduku lilileta chakula na heshima. Moyo ukabaki ulipokuwa.

Ungedhani kesi imekwisha. Lakini huko Kenya, katika kaunti ya Nakuru, wanauchumi Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliligeuza swali. Walichukua watu 5,756 wa vijijini. Baadhi walipewa fedha taslimu bila masharti. Wengine walipewa PM+, tiba fupi ya vikao vitano iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Wengine walipata vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Baada ya mwaka, waliopata fedha walikuwa na maisha bora na moyo mwepesi zaidi. Waliopata tiba peke yake, kwa wastani, hawakutofautiana na wasiopata kitu.

PM+ ileile, katika vitongoji vya Nairobi, ilikuwa imewasaidia wanawake waliopitia ukatili. Jaribio la wanawake 421 lilichapishwa mwaka 2017. Imekuwaje dawa ifanye kazi Nairobi ishindwe Nakuru? Huenda sehemu ya jibu ni ya kawaida kuliko inavyosikika: Nakuru hawakuchaguliwa wagonjwa. Tiba ya mazungumzo ilitolewa kwa watu wa kila aina, wengi wao wakiwa masikini lakini wazima wa akili. Ukimpa kwinini asiye na malaria, usitegemee homa ishuke. Umaskini, kwa upande wake, ulikuwa umewagusa karibu wote, kwa hiyo fedha zilikuta kazi ya kufanya kila zilipofika. Na Kivu ilikuwa kinyume: walichaguliwa wagonjwa, na akiba peke yake haikuwatosha.

Kwa hiyo mabishano ya mazungumzo au mtaji yameulizwa vibaya. Nasema hivyo kwa ujasiri kwa sababu ya utafiti mmoja wa kaskazini mwa Uganda, ambao kwa maoni yangu unastahili kujulikana Bunia kuliko tafiti nyingine zote nilizotaja. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere alifanya kazi katika wilaya za Kitgum, Gulu na Pader, eneo ambalo nalo lilitoka katika vita virefu vya waasi wa LRA. Washiriki walikuwa watu 1,140 wenye virusi vya UKIMWI na wenye sonona ya wastani au nyepesi, katika vituo 30 vya afya. Nusu ya vituo vilitoa elimu ya UKIMWI kwa vikundi. Nusu nyingine ilitoa tiba ya kikundi aliyoibuni yeye na wenzake, vikao vinane, ikiongozwa na wahudumu wa kawaida wa jamii. Vikao vya mwanzo ni vya kusema yaliyo moyoni, kisha kukabiliana na fikra mbaya na kutatua matatizo. Vya mwisho ni vya riziki: namna ya kuanzisha shughuli ndogo na kuweka akiba, na kikundi kinaendelea kama kikundi cha uzalishaji baada ya vikao kwisha. Miezi sita baadaye, wenye sonona katika kundi la elimu walikuwa 28%. Katika kundi la tiba, chini ya 1%.

Mpangilio ndio unaonivutia hapo. Mtaji haukuja kwanza. Mwenye sonona huupa mtaji mgongo: hana nguvu ya kuamka kwenda sokoni, na akikopa anaamini tangu mwanzo kwamba atashindwa. Kikundi kilimwinua kwanza kiasi cha kuweza kushika jembe, kisha kikampa jembe. Na kwa kuwa kikundi ni kilekile, akianguka tena kuna wanaomjua na kujua alivyokuwa.

Na vidonge? Vipo, na nimeviacha nyuma kwa makusudi, maana Bunia anayefika kwa mfamasia na "mawazo mengi" mara nyingi hutoka na kidonge cha usingizi kabla ya kutoka na jingine lolote. Shirika la Afya Duniani linaweka fluoksetini na amitriptilini katika orodha yake ya dawa muhimu, na kwa sonona nzito zinasaidia kweli. Hufanya kazi kwenye kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, serotonini ikiwemo. Kwamba fluoksetini huizuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli ni jambo lililothibitishwa. Kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu, hilo halikuthibitishwa, ingawa limerudiwa sana. Anayeanza kidonge ajue kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kuacha siku ya tano kwa sababu "haifanyi kitu" ni kuacha kabla ya kuanza, na kwamba akipona anapaswa kuendelea kwa miezi, la sivyo ugonjwa hurudi kwa urahisi. Amitriptilini ina hatari ya ziada: ikimezwa nyingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Muuguzi anayempa ya mwezi mzima mgonjwa aliyejibu "ndiyo" kwa swali la tisa, lile la kutamani kufa, amempa sumu mkononi. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa ya siku chache, na ndugu ndiye anayetunza pakiti.

Kuzuia ni kugumu kuliko kutibu, na kugumu zaidi kukuthibitisha, kwa sababu unahesabu wagonjwa ambao hawakutokea. Jaribio la karibu nasi lilifanyika Rhino Camp, upande wa West Nile nchini Uganda, kwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini. Programu inaitwa Self-Help Plus, na ni rahisi mno: wanawake 20 hadi 30 wanakaa pamoja mara tano, saa mbili kila mara, wanasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, wanapewa kitabu chenye picha, na mwongozaji aliyefunzwa kwa muda mfupi anasimamia. Wanajifunza kutulia wanapozidiwa na mawazo badala ya kushindana nayo. Matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba msongo ulipungua kwa kiasi, kidogo kuliko tiba zile za Kivu, lakini mwongozaji mmoja na redio moja walikuwa wamefikia chumba kizima. Programu hiyohiyo ilijaribiwa Uturuki kwa wakimbizi wa Syria ambao walikuwa na msongo lakini bado hawajaugua: baada ya miezi sita, waliopata ugonjwa wa akili walikuwa 22% katika kundi la programu na 41% katika kundi jingine. Ilipojaribiwa kwa wakimbizi walioko Ulaya Magharibi, faida ya namna hiyo haikuonekana baada ya miezi sita.

Utaona kwamba mengi ya majaribio haya yanahusu watu waliotoka katika hatari. Ituri haijatoka. Vita vilirudi Djugu mwishoni mwa 2017. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wapiganaji wa kundi la CODECO waliivamia kambi ya Plaine Savo na kuua watu zaidi ya 50, wote wakiwa wakimbizi tayari. Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala. Watu zaidi ya milioni moja katika mkoa huu wanaishi mbali na makwao. Serikali ya kijeshi iliyowekwa Mei 2021 kwa jina la hali ya dharura imeendelea kurefushwa. Mtu anayeogopa katika mazingira hayo hana fikra iliyokwama. Fikra yake iko sahihi. Tiba inayomfundisha kwamba hatari imepita ingekuwa inamdanganya. Wahudumu wenye busara hufanya kazi na sehemu nyingine ya mzigo, ile ya lawama, aibu na upweke, ambayo haina uhusiano na umbali wa bunduki, na humwachia mgonjwa tahadhari yake.

Bunia haiko mikono mitupu. Karibuni wa Mama, kituo cha afya cha shirika la SOFEPADI, kimekuwa kikipokea wanawake waliobakwa kwa matibabu ya mwili na msaada wa kisaikolojia kwa miaka mingi. Kuna vyuo vikuu, kuna wauguzi, na kuna APS waliosikiliza mambo ambayo profesa wa Ghent ameyasoma tu kwenye majedwali. Tatizo ni kwamba APS huishi kwa mradi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi mashariki mwa Kongo zilipunguzwa au kufungwa, na mwenye kusikiliza alirudi kuuza mkaa kama wateja wake. Kuna majaribio yanayoonyesha kwamba mtu huyo anaweza kutibu, lakini hakuna hata moja lililopima kitakachotokea asipolipwa.

Jaribio ambalo Ituri inalihitaji si gumu kulieleza. Kambi na mitaa ya Bunia igawanywe kwa kura. Wachaguliwe wenye sonona, wasichaguliwe masikini wote. Kundi moja lipate vikao, jingine lipate vikao kisha AVEC kwa mfuatano ule wa Kitgum, la tatu lipate huduma iliyopo na ahadi ya zamu yake. Pamoja na dalili, ipimwe pia namna majirani wanavyomtazama mshiriki, maana Bunia ndiko tulikofundishwa kwamba hapo pana sehemu ya ugonjwa. Swali la chakula libaki kwenye fomu, lakini chini yake liongezwe jingine: jana mlikula mara ngapi? Na atakayeandika bajeti aweke ndani yake fedha nyingi za pikipiki na simu za kuwafuata washiriki mpaka Komanda, Mahagi, Beni na ng'ambo ya Ziwa Albert, kwa sababu kabla ya kikao cha sita watakuwa wamehama.